Shamba la majaribio ya miti shuleni: mwongozo kwa shule za Dodoma

Siku ya kupanda miti si utafiti. Wanafunzi wakifukia miche mia ya aina moja, mwisho wa kiangazi watajua imekufa, hawatajua kwa nini. Waanze na swali: mti gani, na mbegu ya wapi, vinahimili miezi saba bila mvua?

Chagueni makundi manne: mgunga (Faidherbia albida), mpingo, mkwaju wa mbegu za hapo hapo, na mkwaju wa mbegu za Morogoro. Mikwaju hiyo miwili ndiyo kiini cha utafiti. Kusanyeni mbegu kwenye miti mama 10 au zaidi, iliyoachana mita 100. Za mti mmoja zote ni ndugu, udhaifu wao ni mmoja.

Otesheni Agosti. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu: likwangueni kidogo kwa kikatio cha kucha, upande usio na kitovu (alama ya mahali mbegu iliposhikana na tunda), kisha loweka usiku kucha. Kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche) changanyeni udongo wa msituni debe 3, mchanga 1, samadi iliyooza 1. Mzizi wa mgunga hukimbilia chini, kwa hiyo nyanyueni viriba kila wiki mbili na kukata mizizi iliyotoboa.

Mashimo ya sentimita 60 kila upande yachimbwe Novemba. Mvua huanza Desemba, shule zimefungwa (kalenda haikupangwa kwa ajili ya miti), hivyo wanaoishi jirani wapeane zamu ya kutunza miche. Pandeni Januari, udongo ukiwa umelowa sentimita 30 kwenda chini. Kiriba kivuliwe.

Gawanyeni eneo vipande vinne kufuata mteremko, kila kipande miche 6 ya kila kundi: jumla 96, nafasi mita 4 kwa 4. Mistari ya makundi ipangwe kwa kura. Bila kura, mipingo yote yaweza kuangukia penye kichuguu.

Pimeni urefu, na unene wa shina sentimita 10 kutoka ardhini, Aprili na Novemba. Kipimo cha Novemba ndicho chenye uzito. Kila mche uliokufa ung'olewe uchunguzwe: gome lililotafunwa chini ni mchwa, ncha iliyokatwa ni mbuzi, mizizi iliyojiviringisha ni kiriba kilichosahauliwa. Iliyouawa na mbuzi au kiriba msiihesabie ukame: kati ya miche 24 ya kundi moja, mbuzi wakila 3 na 14 ikabaki hai, jibu ni 14 kwa 21, yaani asilimia 67.

Daftari la vipimo likabidhiwe darasa la tano. La saba huondoka Septemba, kabla ya kipimo cha Novemba.