SOMO: Treni moja, nchi mbili. Hatua za kuvusha reli mpakani hadi katikati ya jiji

Habari zenu wakuu. Wengi mmekuwa mkiniuliza inakuwaje nalala Malmö, Uswidi, nashinda kazini Copenhagen, Denmark, na jioni nasonga ugali nyumbani kwangu kama kawaida. Jibu fupi ni treni, kama dakika arobaini. Jibu refu ndilo somo la leo, maana hiyo treni ninayosinzia ndani yake kila asubuhi hubadilisha umeme na mfumo wa ishara ikiwa njiani, na wala sisikii kitu.

Nitakwenda kana kwamba kazi umepewa wewe: kuna miji miwili, nchi mbili, iunganishe. Hatua za mwanzo ni za mafundi, zina majibu. Za mwisho ndizo zinazotoa jasho.

Hatua ya 1: Pima upana wa reli

Kabla ya hesabu nyingine yoyote, shika futi. Sehemu kubwa ya Ulaya reli zimeachana milimita 1,435, ile ile ya SGR. Lakini njia za zamani za Uhispania na Ureno ni 1,668, Ufini ni 1,524, na Estonia, Latvia na Lithuania wamebaki na 1,520 ya Kirusi. Ukikutana na hali hiyo, ama unahamisha mzigo behewa kwa behewa, ama unatumia magurudumu yanayojitanua na kujibana (Wahispania ndio mabingwa, treni inapita mwendo wa kobe kwenye kibanda maalumu na abiria hashuki), ama unatandika reli mpya. Nchi za Baltiki zimechagua kutandika: mradi unaitwa Rail Baltica, kilomita 870 kutoka Tallinn hadi mpaka wa Poland, na lengo lao ni 2030.

Waliowahi kufika Kidatu, Tanzania, reli mbili zinapokutana, hawahitaji maelezo marefu. TAZARA ni 1,067, reli ya kati ya zamani ni 1,000. Tofauti haifiki upana wa vidole vinne, lakini kontena lazima linyanyuliwe upande mmoja likapakiwe upande wa pili.

Hatua ya 2: Uliza umeme ni upi

Hapa kila nchi ilijifanyia yake kwa wakati wake. Ujerumani, Austria, Uswisi, Uswidi na Norwe: volti 15,000, mizunguko 16.7 kwa sekunde. Denmark: volti 25,000, mizunguko 50. Uholanzi: volti 1,500 za umeme mnyoofu (DC, kama wa betri). Ubelgiji, Poland na sehemu kubwa ya Italia: 3,000 mnyoofu. Ufaransa wana 1,500 na 25,000, kutegemea uko wapi.

Dawa ni treni inayokula vyote. Treni zetu za Øresund, mlango wa bahari kati ya Denmark na Uswidi, zilijengwa hivyo. Njia yenyewe ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2000: daraja la karibu kilomita 8, kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono ya watu, kisha handaki la kilomita 4 chini ya bahari. Ukikaribia ufukwe wa Uswidi kuna kipande cha waya kisicho na umeme wowote. Treni inaserereka yenyewe, feni za hewa zinanyamaza, behewa zima linakuwa kimya kama msikitini, sekunde chache tu, halafu zinaanza kuvuma tena. Hapo umeshahama nchi kwa upande wa umeme. Wenzangu hawainui hata kichwa kwenye simu.

Hatua ya 3: Ishara

Kila nchi ilikuwa na mfumo wake wa kumwambia dereva asimame, na wa kumsimamisha kwa nguvu asipotii. Treni za Thalys za Paris, Brussels, Cologne na Amsterdam zilibebeshwa mifumo saba tofauti ili zipite kote. Umoja wa Ulaya ukaja na mfumo mmoja, ETCS: vibao vya njano katikati ya reli vinaipa treni taarifa ya mahali ilipo, na kompyuta ndani ya treni inakokotoa mwendo unaoruhusiwa. Kufunga vifaa hivyo kunakwenda taratibu, maana fedha za reli na fedha za treni hazitoki mfuko mmoja. Mwenye reli anasubiri treni zifungwe kwanza, mwenye treni anasubiri reli.

Hatua ya 4: Dereva na lugha

Rubani anaweza kuruka dunia nzima kwa Kiingereza. Dereva wa treni hapana: akiingia nchi nyingine anatakiwa aweze kuzungumza lugha ya waongozaji wa huko, kwa kawaida kiwango cha B1, yaani cha kujimudu kwenye mazungumzo ya kawaida. Watu hulidharau jambo hili mpaka litokee la kutokea. Agosti 2017, pale Rastatt, Ujerumani, mafundi walikuwa wanachimba handaki chini ya reli iliyokuwa ikitumika, ardhi ikatitia. Njia kuu ya bonde la Rhine, mshipa wa mizigo kati ya kaskazini mwa Ulaya na Italia, ikafungwa wiki saba. Ng'ambo ya mto, Ufaransa, kulikuwa na reli ya upana ule ule. Madereva wa Kijerumani wanaojua Kifaransa cha kazi walikuwa wa kuhesabu, na treni nyingi za mizigo zikabaki zimeegeshwa.

Hatua ya 5: Ingiza reli mjini

Hapa ndipo miradi mingi inapokwama. Wanasiasa wanapenda kukata utepe wa daraja. Kilomita chache za mwisho, ndani ya jiji, chini ya nyumba za watu, hazina picha nzuri, lakini bila hizo daraja lako ni pambo.

Mfano ni huu mji wangu. Daraja lilipofunguliwa 2000, stesheni kuu ya Malmö ilikuwa mwisho wa njia. Treni ya kutoka Copenhagen ilizunguka mji kwa upande wa mashariki, ikaingia stesheni kwa kichwa, na ili iendelee na safari dereva ashuke atembee hadi mkiani, akaendeshe kutokea huko. Wenyeji wanaihadithia hali ile huku wakicheka, ila walioisafiria kila siku hawakuwa wanacheka. Desemba 2010 likafunguliwa handaki la jiji, Citytunneln: njia ya kilomita 17, sita kati ya hizo chini ya ardhi, na stesheni tatu: Malmö C ya chini, Triangeln katikati ya mitaa, na Hyllie upande wa kusini. Hyllie yalikuwa mashamba. Leo kuna maghorofa, ofisi na duka kubwa, na mtu anapanga chumba pale kwa sababu kazi yake iko Copenhagen.

Geneva ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Njia ya kutoka stesheni ya Cornavin hadi Annemasse, Ufaransa, ni kilomita 16 tu, sehemu kubwa iko chini ya ardhi. Ilipokamilika Desemba 2019, zilizinduliwa treni za Léman Express: kilomita 230, stesheni 45, nchi mbili.

Kanuni mpya ya mtandao wa usafiri wa Ulaya, TEN-T, iliyoanza Julai 2024, imeligusa hili. Pamoja na kupanga mtandao mkuu ukamilike 2030, nyongeza yake 2040 na mtandao mzima 2050, imeorodhesha miji zaidi ya 400 kuwa vifundo vya mtandao, na kila mmoja uwe na mpango wake wa usafiri endelevu ifikapo mwisho wa 2027. Mpango ni karatasi, najua. Ila walau sasa jiji lina kiti mezani.

Hatua ya 6: Mpaka wenyewe

Reli imepita, umeme umepita, mji umeunganika. Halafu Januari 2016, katika msukosuko wa wakimbizi, Uswidi ikataka vitambulisho vikaguliwe kabla ya abiria kupanda. Tulishushwa Kastrup, stesheni ya uwanja wa ndege wa Copenhagen, tunapita kwenye ukaguzi, tunapanda treni nyingine. Upepo wa baharini wa Januari siwezi kuwaelezea mkauelewa. Utaratibu ule wa Kastrup ulidumu hadi Mei 2017, na nina rafiki aliyeacha kazi kwa ajili yake. Hakuna fundi angeweza kumsaidia.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Tanga: Mkuu, SGR ya Kenya na yetu zote ni 1,435. Zikikutanishwa si treni inapita tu?

Magurudumu yatapita. Ila Kenya wanatumia dizeli, sisi umeme wa volti 25,000, na kwetu ishara ni ETCS ngazi ya pili. Halafu kuna uzito: reli ya Tanzania imejengwa kubeba tani 35 kwa ekseli, ya Kenya 25. Behewa lililojazwa hadi mwisho huku halitaruhusiwa kule. Vichwa ni rahisi, unabadilisha mpakani, Ulaya wanafanya hivyo kila siku kwa treni za mizigo. Uzito ndio wa kukubaliana mapema.

Wa Bujumbura: Kwa nini wasichague lugha moja kama marubani?

Limejadiliwa sana. Tatizo dereva haongei na mnara mmoja wa watu wachache waliosomea. Anaongea na mwongozaji wa stesheni ndogo saa nane usiku, na fundi aliye kwenye reli, tena wakati mambo yameharibika. Hao wote ungewafundisha.

Wa Hamburg: Nikikata tiketi Malmö hadi Paris, treni ya kwanza ikichelewa nikakosa ya pili, inakuwaje?

Inategemea karatasi. Yalishanikuta: nilinunua tiketi mbili mbalimbali kwa kuona nimeokoa hela, ya kwanza ikachelewa, ya pili nikalipa upya, na huduma kwa wateja wakanijibu kwa upole kwamba safari yangu ya mbele haiwahusu. Tafuta tiketi moja ya safari nzima. Ukiwa nayo, na ikaonekana utafika mwisho umechelewa dakika 60 au zaidi, una haki ya kuendelea kwa njia nyingine au kurudishiwa nauli. Ukiendelea na safari, fidia ni robo ya nauli kuanzia dakika 60 na nusu kuanzia 120, isipokuwa kwa yale majanga ambayo shirika lisingeweza kuyazuia.

Wa Nairobi: Nimesikia Denmark treni zinapita kulia na Uswidi kushoto. Hazigongani?

Hazigongani. Karibu na Burlöv, kaskazini kidogo ya Malmö, njia moja inapanda daraja na kupita juu ya mwenzake, zinabadilishana upande bila kukutana. Wafaransa nao wana madaraja ya namna hiyo kuingia Alsace. Ukitaka kuliona, kaa dirishani ukitoka Malmö kwenda Lund, ni dakika chache tu baada ya kuondoka. Usisinzie kama mimi.