Somo: Kupima usumaku wa TbV6Sn6 kwenye baridi kali bila kudanganywa na bati

Haya wakuu, twende. TbV6Sn6 ni metali ya kagome, yaani atomu za vanadi zimejipanga pembetatu pembetatu zinazogusana kona, ila vanadi humo haina usumaku wake, kazi yote inafanya terbi. Ukishuka karibu na kelvini 4 terbi zote zinaelekea upande mmoja, kwenye mhimili wa c (mhimili unaokatiza wima matabaka ya fuwele). Kasheshe ni kwamba fuwele tunazikuza ndani ya bati lililoyeyuka, na bati nalo linageuka supakondakta (linapitisha umeme bila ukinzani na kuufukuza uga wa sumaku) kwenye kelvini 3.72. Mnaona zilivyokaribiana?

Hatua ya 1, safisha. Fuwele ikitoka kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha inayokamua bati) inabaki na vitone vya bati pembeni, vinang'aa hivi, iloweke kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, itoe, icheki kwa hadubini, utando ukiwepo rudisha. Msiharakishe hapa jamani, grafu nyingi za ajabu zinazaliwa hapa.

Hatua ya 2, elekeza. Fuwele ni bapa, c inasimama wima juu ya uso mpana. Pima pande zote mbili, uga wa sumaku ukifuata c na ukikatiza c.

Hatua ya 3, poza bila uga mpaka kelvini 2, washa tesla 0.01, pima ukipandisha joto, kisha rudia ukipoza uga ukiwa umewashwa. Mstari ukidumbukia ghafla chini ya 3.7 kwenye ule mzunguko wa kwanza, hilo ni bati. Rudia kwa tesla 0.1, bati halifiki huko, linazimika kwenye 0.03 tu, terbi inabaki.

Hatua ya 4, chora 1 gawanya kwa saseptibiliti (usumaku uliopima ukigawanywa kwa uga) dhidi ya joto, tumia mteremko wa kipande kilichonyooka cha joto la juu kupata momenti, yaani nguvu ya usumaku ya kila atomu. Momenti ya terbi itoke karibu na magnetoni 9.7 za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomu), ikitoka 8 pima uzito upya.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa nini usitumie TbMn6Sn6, ile yenye manganizi badala ya vanadi?
Jibu: Manganizi ina usumaku wake, hiyo inajipanga tangu kelvini 423, huwezi kuiona terbi peke yake.

Swali: Nikiweka uga kwenye c mkunjo wangu unalala kuliko nilivyotegemea, fuwele mbovu?
Jibu: Hapana, ni umbo. Bapa jembamba linajipinga lenyewe uga ukilipiga usoni, toa kwanza uga wa kujipinga ndio uchore.

Swali: Naweza kubadili terbi niweke gadolini halafu nipeleke kwenye kipimo cha kurushia fuwele nyutroni?
Jibu: Gadolini ya kawaida inazimeza nyutroni balaa, tafuta isotopu ya gadolini-160.