Neno la leo na fremu ya Mbagala: namna ya kumwuliza Mungu njia

Mimi ni Mmoravian, muumini wa Kanisa la Moravian, wa Rungwe, mwalimu wa shule ya Jumapili, na siku za kazi nauza mchele sokoni Tukuyu. Kila asubuhi kabla sijafungua gunia nasoma kijitabu chetu cha neno la kila siku: mstari wa Agano la Kale, mstari wa Agano Jipya, na sala. Vijana nao wanalisoma neno hilo, siku hizi kwenye simu, na wakiwa na jambo zito wananifuata mezani. "Shikamoo mama. Mungu amesema na mimi." Huwa najibu, "Marahaba mwanangu, vuta kigoda. Amesema wapi?"

Binti mmoja wa kwaya, fundi cherehani, alikuja na Mwanzo 12:1. Dada yake wa Dar alikuwa amempigia simu usiku: fremu, chumba cha biashara cha kupanga, imepatikana Mbagala, njoo tushone sare za shule. Kulipokucha, neno la siku likawa, "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako, na nyumba ya baba yako." Kwake mjadala ulikuwa umefungwa, alitaka tu nimwombee safari. Nitaeleza njia niliyompitisha, maana ndiyo ninayompitisha kila anayekuja.

Anza na daftari. Andika swali lako, na liwe swali linaloweza kujibiwa. "Mungu anataka nini na maisha yangu" ni pana mno, na isitoshe Biblia ilishalijibu: "Maana haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu" (1 Wathesalonike 4:3). Andika hivi: nihamie Mbagala kabla shule hazijafunguliwa Januari, au nibaki na cherehani yangu hapa? Chini yake andika jibu unalolitamani. Usione haya, Mungu analijua tayari. Binti aliandika "nihame", akalipigia mstari mara mbili. Vizuri, sasa wote tunajua tunaanzia wapi.

Hapo, kabla ya kutafuta mstari wowote, fungua Yeremia 42. Sijaona sura nyingine inayotufaa kama hii sisi watu wa "Mungu amesema na mimi", na sijui kwa nini haihubiriwi. Yerusalemu imeanguka, Gedalia aliyewekwa na Babeli kuwa liwali ameuawa, watu waliosalia wana hofu. Wanamwendea Yeremia na Yohanani mwana wa Karea akiwa mbele yao: tuombee, Mungu atuonyeshe njia ya kuiendea. Wanaapa kabisa kwamba jibu likiwa jema au likiwa baya watalitii. Yeremia anaomba, na neno linakuja baada ya siku kumi. Siku kumi, na huyo ni nabii! Sisi tunataka jibu kabla chai haijapoa. Jibu lenyewe linasema kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wao wanamwambia Yeremia usoni, unasema uongo, kisha wanaondoka kwenda Misri na yeye wanambeba.

Sasa rudi nyuma kidogo, sura ya 41 mstari wa 17. Walikuwa wamekwisha kuondoka. Walipomwuliza Yeremia walikuwa wametua karibu na Bethlehemu, uso umeelekea Misri. Shauri lao lilikuwa limekatwa, nabii walimtaka agonge muhuri tu.

Kwa hiyo sema sala hii kwa sauti, usiwaze tu moyoni: "Bwana, ukisema hapana, nitabaki." Ikikukwama kooni, acha kutafuta mistari. Omba kwanza juu ya huko kukwama, hata wiki nzima ipite. Binti alinyamaza muda mrefu, nikapima kilo mbili za mteja nikarudi nikamkuta bado kanyamaza. Nikamwambia aende nyumbani, aje siku nyingine.

Aliporudi ndipo tukaushika mstari wake. Kanuni yangu hapa sibishani nayo na mtu: mstari ukikugusa, usome na sura yake yote, na ikibidi sura ya nyuma na ya mbele. Mwanzo 12 ukiisoma mpaka mwisho unakuta Abramu ametii, amefika, na mstari wa 10 njaa imeingia katika nchi ileile aliyoonyeshwa. Anashuka Misri, anaogopa, anamwambia Sarai ajiite dada yake. Uliza maswali matatu: nani anaambiwa, anaahidiwa nini, na habari hii inanionyesha Mungu wa namna gani? Abramu anaahidiwa kwamba jamaa zote za dunia zitabarikiwa katika yeye. Fremu haimo. Lakini yumo Mungu asiyemwacha mtu wake hata anapoyumba njiani, na hilo binti alilichukua kwa mikono miwili, ahame asihame.

Kuhusu hayo maneno ya kila siku, vijana wengi hawajui yanakotoka. Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa kwanza huko, aliyaanzisha Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na tangu 1731 yanachapishwa kama kitabu. Mstari wa Agano la Kale hupigiwa kura, yaani huchomolewa bila kuchagua, hukohuko Herrnhut, miaka mitatu kabla ya mwaka wake. Ule wa Agano Jipya huchaguliwa uendane nao. Basi asubuhi ile ya "Toka wewe katika nchi yako", neno hilohilo lilisomwa na Wamoravian wa Suriname, wa Nikaragua, wa Afrika Kusini. Wote wahamie Mbagala? Binti alicheka, nami nikacheka, ila sikusema kwamba Mungu hawezi kumsemesha mtu kwa mstari uliopigiwa kura. Anaweza. Wazee wetu wa kale walikwenda mbali zaidi, hata ndoa waliziamua kwa kura, mpaka sinodi, mkutano mkuu wa kanisa, ya 1818 ikalegeza sharti hilo. Mimi nasema neno la siku hufungua mazungumzo na Mungu. Ukilifanya ndilo la mwisho, umeliacha lifanye kazi ya utabiri wa nyota.

Hatua inayofuata ndiyo watu huikimbia: tafuta Mungu ameshaagiza nini waziwazi juu ya jambo lako. Nilimwuliza binti, "Mchezo wenu wa wanakwaya, ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu, umeshapokea?" Ameshapokea, wa pili kwenye orodha, na hela zimenunua mashine ya kudarizi. Wenzake bado wanasubiri zamu zao. Tukafungua Warumi 13:8: "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Andiko hili halihitaji ndoto wala kufunga. Vivyo hivyo ukiletewa kazi ya kupewa kwa rushwa, au mume wa mtu, funga daftari, hakuna cha kuulizia.

Kisha tafuta washauri wawili watatu wanaomcha Mungu na wasio na faida yoyote katika uamuzi wako. Dada wa Mbagala hahesabiwi, anatafuta mtu wa kuchangia kodi. Nabii wa kwenye simu anayetanguliza sadaka kabla ya neno hahesabiwi kabisa. Waulize waliokwisha kupita njia hiyo: kodi ni ya miezi sita kwa mkupuo au vipi, sare zinauzwa miezi gani, umeme nani analipa. Zaburi 32:8 inaahidi, "Nitakufundisha na kukuonyesha njia utakayoiendea", na mstari unaofuata unatukataza kuwa kama farasi na nyumbu wasio na akili. Kupiga hesabu ni sehemu ya kuomba.

Milango ikifungwa usihitimishe haraka. Katika Matendo 16 Paulo anazuiwa Asia, anajaribu Bithinia, anazuiwa tena, anafika Troa, na hapo ndipo maono ya mtu wa Makedonia yanakuja. Luka anaandika, "tuliona hakika ya kwamba Mungu ametuita". Tuliona: walilipima pamoja. Na wakafika Filipi wakapigwa bakora wakatiwa gerezani. Basi shida peke yake haithibitishi kwamba ulipotea njia.

Tarehe iliyo kwenye swali lako ikifika, amua. Andika uamuzi, sababu zake na maandiko yaliyokuongoza, kisha mwonyeshe mmoja wa washauri wako. Binti aliandika kwamba atabaki mpaka mchezo uishe, kisha atakwenda Mbagala kuiona fremu kwa macho kabla ya kutoa hela. Dada yake amekasirika. Tunamwombea naye, na Jumamosi binti anakuja mezani kwangu na Biblia yake, tumefika Yeremia 44.