Katuni ya Kobe na Sungura, kwa rafiki aliyelala na tetekuwanga

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Habari za katuni nilizijua kwa kulazimishwa na binti yangu wa miaka saba. Rafiki yake wa nyumba ya pili alipata tetekuwanga, nasi tukamkataza kwenda kumjulia hali. Ugonjwa ule huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, mpaka vyote vikauke na kufanya vigaga. Akalia. Nikasema basi, tumpelekee katuni ya kumpa pole: vikaragosi vya karatasi vinasogezwa kidogo kidogo, simu inapiga picha kila hatua, na picha zikipita haraka vinaonekana vinatembea.

Anza na kisa, tena kifupi. Chetu: Sungura ametokwa na vipele, amejifunika shuka gubigubi, hataki kuonwa. Kobe anakuja. Mimi nilitaka Kobe alete dawa, Sungura anywe, aruke juu. Binti akakataa katakata: "Baba, mwenzangu kanywa dawa na bado anawashwa." Nikanyamaza. Kwa hiyo Kobe wetu haponyi mtu. Anapiga hodi mara mbili, kimya. Ya tatu anajibiwa "nenda". Haendi. Anakaa mlangoni na kusema, "Mimi mgongo wangu una mabaka tangu nizaliwe." Sungura anachungulia jicho moja. Imeisha hapo.

Sasa vikaragosi. Chora kwenye manila, kata kichwa, kiwiliwili na kila kiungo mbali. Watu huunganisha kwa gundi, halafu mkono haugeuki. Wewe toboa kwa sindano nene, pitisha uzi, piga fundo mbele na nyuma, usikaze sana. Kiungo kigeuke ukikisukuma, kibaki pale ukikiacha. Shuka la Sungura ni kipande cha khanga halisi, na ndicho kilichopendwa kuliko vyote.

Simu ilale juu ikitazama chini. Nilipanga vitabu marundo mawili kwenye meza, nikalaza kioo juu yake, simu juu ya kioo, karatasi chini. Ibandike kwa selotepu, maana ikisogea kidogo tu dunia nzima ya Kobe inaruka. Zima feni! Sisi tulipoteza sikio la Sungura chini ya cherehani. Na piga picha usiku kwa taa moja iliyokaa pembeni. Mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu likipita, na katuni inapepesa.

Programu ya simu tuliyotumia kuunganisha picha ni Stop Motion Studio, ile ya bure. Weka picha 8 kwa sekunde. Sekunde 20 ni picha 160, nasi zilitumaliza jioni mbili. Sogeza kiungo kwa upana wa ukucha, toa mkono, piga. Mtoto asogeze, mkubwa apige, la sivyo kila picha ya tatu itakuwa na vidole.

Penye huzuni usisogeze kitu. Kobe alipoambiwa "nenda", tulimwacha vilevile kwa picha 16, yaani sekunde mbili kamili, kisha kichwa kikainama kidogo. Mama yake binti alikuwa akipita na sahani, akasimama. Kabla ya hapo nilikuwa nikimchezesha Kobe muda wote kama yuko ngomani.

Sauti rekodi mwisho, mtoto akiwa amekaa karibu na simu, mlango umefungwa. Usimwandikie maneno ya kusoma; mwulize tu, "Ungekuwa wewe mlangoni ungesemaje?" Muziki hatukuweka. Mgonjwa mwenye homa hahitaji tarumbeta.

Tulituma kwa simu ya mama wa yule rafiki. Jibu lilikuja kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe: kipele cha puani kwa Sungura kimehama kutoka kushoto kwenda kulia. Kweli, tulikuwa tumebandika upya baada ya chakula. Basi chora vipele kwa kalamu, usibandike.

Siku ya 12 tangu tumkataze kwenda, binti naye akaamka anajikuna. Tetekuwanga huchukua siku 10 hadi 21 kujitokeza, kumbe marufuku yetu ilikuwa imechelewa. Akaagiza toka kitandani: safari hii Sungura ndiye apige hodi. Vikaragosi vipo, kilichobaki ni vipele vya Kobe. Nimevichora kwa chaki ya kukatia nguo, maana kalamu nyekundu haionekani juu ya manila ya kahawia.