Somo: Barua ya mkono ya kuomba ushirikiano, kampuni yako ikiwa bado changa

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tano, "Ile hoteli ya Unguja uliipataje?" Nikijibu kwamba ni kwa barua ya mkono, naombwa sampo. Nimechoka kurudia, kwa hiyo naweka yote hapa.

Sisi tunakausha maembe na mananasi Morogoro kwa vikaushio vya jua. Tulipoanza tulikuwa watatu, hatuna duka wala jina. Washirika wetu wa kwanza ni ile hoteli ya Unguja, kampuni ya mabasi inayotubebea mizigo hadi Dar, na chama cha ushirika cha wakulima. Kote huko nilianza na barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Usiidai zaidi ya hapo: inakupatia kikao, mkataba utautafuta ukiwa umekaa mbele ya mtu.

1. Tafuta jina la mtu. Piga simu mapokezi, uliza anayeamua ni nani, jina lake linaandikwaje, na kama bado yuko kwenye cheo hicho.

2. Karatasi nyeupe ya A4 isiyo na mistari, ya gramu 100. Ya fotokopi, gramu 80, inatosha kwa kalamu ya kawaida, ila wino wa maji hupenya mpaka nyuma. Weka chini yake karatasi yenye mistari minene ikuongoze.

3. Wino wa bluu au mweusi. Mwekundu ni wa mwalimu anayesahihisha.

4. Andika rasimu kwanza. Ukikosea kwenye nakala safi, chukua karatasi nyingine. Usifute.

5. Mpangilio ni ule wa shuleni: anwani yako juu kulia, yake kushoto, tarehe, salamu. Mimi siweki "YAH:" wala "Kumb. Na.", kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoipeleka barua kwenye faili kabla haijasomwa.

6. Ukurasa mmoja. Anza na jambo ulilolishuhudia mwenyewe kwake, kisha jieleze kwa sentensi mbili, kisha omba kitu kimoja kidogo. Hii ni sehemu ya niliyompelekea meneja wa hoteli:

"Mwezi uliopita nililala kwenu usiku mmoja. Alfajiri niliwaona wageni wawili wakiondoka kuwahi boti, na jiko lilikuwa bado halijafunguliwa, wakaenda bila kula kitu. Sisi tunakausha maembe na mananasi Morogoro, bila kuongeza sukari, kwa pakiti za gramu 50. Naomba dakika ishirini zako kati ya tarehe 10 na 14, nikuletee pakiti kumi za kuwapa wageni wanaowahi boti. Nitakupigia Jumatano asubuhi."

Ilinigharimu usiku mmoja wa hoteli kuipata ile sentensi ya kwanza. Kama huna la kusema juu ya biashara ya mwenzako, hujafika hatua ya kuandika.

7. Bahasha. Hapa niliharibu, na bado naumia nikikumbuka. Barua yangu ya kwanza kabisa ilikwenda taasisi moja ya umma. Nilijua masjala hufungua kila barua, huigonga muhuri wa kupokelewa, huiweka kwenye jalada, na mkubwa huiona baadaye sana. Nikataka kuwakwepa. Juu ya bahasha nikaandika kwa herufi kubwa: SIRI. Kesho yake nikapigiwa simu na mtu ambaye hata hakunisalimu, akitaka kujua mimi ni nani na nani kanipa idhini ya kutuma waraka wa siri. Serikalini neno hilo ni daraja la usalama wa nyaraka, lina utaratibu wake na watu wake. Nilikwenda kujieleza, nikaeleweka, lakini pale sijarudi tena. Kilichoniuma zaidi ni yule dada wa mapokezi aliyeipokea bahasha, maana naye alihojiwa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo, usiandike SIRI. Usiandike HARAKA. Ukiandikia ofisi ya umma, pita masjala kama wengine, kwa barua iliyochapwa, yenye kumbukumbu namba, ukimwandikia mkuu wa taasisi kwa cheo chake. Barua ya mkono wapelekee wafanyabiashara, hoteli, kampuni binafsi, vyama.

Na ndani ya bahasha iwemo barua peke yake. Usitie vocha, wala kipande cha embe cha kuonja. Bahasha iliyotuna ukiikabidhi mapokezi, kila mtu anaielewa vingine, na mwenzako anaweza kuikataa ili kulinda kazi yake. Tumia ile ndefu ya milimita 110 kwa 220, karatasi ukiikunja sehemu tatu. Juu yake jina kamili na cheo, na maneno "Kwa Mkono".

8. Peleka mwenyewe, uwe na kitabu cha dispachi, mpokeaji asaini. Mkoani tuma kwa EMS ya Posta, utunze risiti. Ukituma kwa S.L.P. itafika, ila tarishi wa kampuni hufungua sanduku kwa siku zake.

9. Piga simu siku uliyoahidi. Siku hiyo hiyo.

10. Kikao kikiisha, andika mistari minne ya shukrani. Profaili ya kampuni, namba ya mlipakodi (TIN) na cheti cha usajili cha BRELA vinakuja sasa, vimechapwa.

MASWALI

Mchuuzi wa Tandika: Mkuu, nitupie sampo inboksi nibadilishe majina tu.

Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 6.

Kizazi Kipya: Mambo mengi. WhatsApp ipo, mnapoteza muda na makaratasi.

Jibu: Meseji nilizituma pia, kwa miezi minne. Hoteli ile niliitumia mbili, hazikujibiwa. Kama kwako zinajibiwa, endelea nazo, sijamkataza mtu.

Mama Neema, Iringa: Kaka, mwandiko wangu ni mbaya kweli. Binti yangu anaandika vizuri, aniandikie mimi nisaini?

Jibu: Dada, andika mwenyewe. Uliyemwandikia akikuita kikaoni ukajaza fomu mbele yake, ataona mkono mwingine. Andika kubwa, polepole, ukiacha nafasi kati ya maneno. Jizoeze siku tatu kwa rasimu hiyo hiyo. Cha kuangalia sana ni jina lake na namba yako ya simu: tenganisha tarakimu tatu tatu, 1 isifanane na 7. Binti aisome kwa sauti. Anapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.

Chalii wa Jiji: Hiyo barua naiacha masjala au?

Jibu: Hatua ya 7 na ya 8. Soma.

Mwana wa Bandari, Mombasa: Hapa kwetu ofisi nyingi zinaandikiana Kiingereza. Wewe unachaguaje lugha?

Jibu: Ile simu ya hatua ya 1 inanisaidia. Nasikiliza ofisi ya ninayemwandikia inapokea kwa lugha gani, na yeye huzungumza na watu wake kwa lugha gani. Meneja wa Unguja ni Mzanzibari, nikaandika Kiswahili. Mwenye mabasi nilimwandikia Kiswahili pia.

Mjukuu wa Bwana Shehe: Umenikumbusha barua za marehemu babu, zote kwa hati za Kiarabu. Salamu peke yake ilikuwa robo ya karatasi. Je, salamu ndefu inafaa kwenye biashara?

Jibu: Nashukuru sana kwa swali hili. Barua nyingi za zamani za mwambao zilifunguliwa kwa "ila janabi", yaani kwa mheshimiwa, likafuata jina la mwandikiwa na sifa zake, salamu, ndipo "wa baadu" na shida yenyewe. Hata wafanyabiashara waliandikiana hivyo. Mimi nimechukua mpangilio nikapunguza urefu: namtaja yeye kwanza, kisha naingia kwenye haja. Mtu mzima wa Pwani mwongezee mstari mmoja wa kumjulia hali yeye na watu wa nyumbani. Na hizo barua za babu zitunze mbali na unyevu, ndani ya karatasi safi, sio kwenye mfuko wa plastiki.

Mkulima wa Mvuha: Kwa chama cha ushirika, barua inakwenda kwa mwenyekiti au kwa meneja?

Jibu: Kwa mwenyekiti wa bodi, na meneja umwarifu kwa simu. Omba jambo lako liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha bodi kijacho, maana mwenyekiti peke yake haamui. Kwetu barua ilisomwa yote mbele ya wajumbe, kwa hiyo iandike ukijua itasikilizwa. Na iwahi kabla ya msimu wa maembe, Novemba wakulima wako shambani na wanunuzi wamejaa.

Fundi Stempu: Nyongeza kwa walio Dar: bahasha za gundi hujifunga zenyewe kwa joto na unyevu. Weka kipande cha karatasi ya nta chini ya kila kifuniko.

Jibu: Nimetupa nyingi kwa sababu hiyo. Sasa nanunua kumi kumi. Karatasi ya nta nitaijaribu kesho.