Kuainisha viumbe hai chini ya mkorosho, hatua kwa hatua

Mjomba wangu ana mikorosho Kitangari, wilaya ya Newala. Msimu mmoja nilimkuta na bomba mgongoni, anapulizia dawa ya wadudu kwenye maua yaliyopakaa unga mweupe. Alikuwa amepuliza mara tatu na maua yalizidi kukauka. Alidhani ameuziwa dawa feki. Dawa ilikuwa nzima, ila ule unga si mdudu. Ni kuvu, na dawa ya wadudu haiiwezi kuvu.

Mimi hufundisha biolojia kidato cha kwanza na cha pili. Tangu siku ile somo la uainishaji nalifundishia shambani, maana pale mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba kukosea himaya ya kiumbe, yaani kundi lake kubwa kabisa, ni kupoteza mavuno. Fuata hatua hizi kwenye shamba lolote la Mtwara au Lindi.

Hatua ya 1: Jiandae

Nenda asubuhi mapema au alasiri jua likishapoa. Jua likiwa kali wadudu wengi hujificha, na utarudi na daftari tupu. Beba penseli, lenzi ya mkono, kitambaa cheupe kama nusu shuka, na chupa mbili tatu zenye vifuniko vilivyotobolewa. Tandika kitambaa chini ya tawi, tikisa tawi, kisha tazama kilichodondoka. Tawi lenye viota vya maji moto, wale wadudu wanaouma na kushona majani, usilitikise. Hao utawatazama kwa mbali.

Hatua ya 2: Uliza kiumbe anapataje chakula

Mashuleni tunatumia himaya tano: monera, protista, kuvu, mimea na wanyama. Swali la chakula linakufikisha karibu na jibu haraka kuliko swali la umbo.

Mwenye rangi ya kijani anayejipikia chakula kwa jua ni mmea. Anayemeza chakula na kukisaga ndani ya mwili wake ni mnyama, hata akiwa mdogo kama chawa. Asiye na kijani wala mdomo, anayenyonya chakula kutoka kwa mwingine au kwenye kitu kilichooza, huyo mtafute kwenye kuvu. Ubwiri unga, ule unga mweupe wa kwenye maua ya mjomba, ni wa kundi hili. Chukua chipukizi lililopakaa unga, liweke chini ya lenzi: hakuna miguu, hakuna kinachotembea, kuna unga na nyuzi laini zilizotanda juu ya jani. Nyuzi hizo hupenyeza vinyonyeo ndani ya seli za jani. Ndiyo sababu wakulima wa Kusini hupuliza salfa, kwani salfa huzuia spora za kuvu, yaani chembe zake za kuzalia, zisiote. Mjomba alipobadilisha dawa, machipukizi yaliyofuata yalitoka safi.

Kuhusu monera, ng'oa mche wa mbaazi au karanga, osha mizizi taratibu, utafute vinundu. Kata kimoja kwa wembe. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, humo mna bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Protista wengi huonekana kwa hadubini tu, ingawa mmoja wao tunamjua kwa homa yake: kimelea cha malaria.

Batobato la muhogo halina nafasi kwenye himaya hizi. Husababishwa na virusi, na virusi hawana seli.

Hatua ya 3: Gawanya mimea kwa jani, kisha kwa utomvu

Shika jani dhidi ya mwanga. Mishipa ikilala sambamba kama ya mahindi, mtama au mnazi, mmea huo ni wa kotiledoni (jani la mbegu) moja. Ikisukwa kama wavu, kama ya mkorosho, muhogo na mbaazi, kwa kawaida ni wa kotiledoni mbili. Ukitaka kuhakikisha, panda mbegu usubiri iote. Kwa korosho huna haja ya kusubiri: zile nusu mbili ulizozoea kuzitenganisha kwa meno tangu utotoni ndizo kotiledoni zenyewe, akiba ya chakula ambayo mche ungeitumia wakati wa kuota.

Sasa twende kwenye familia, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chuma jani changa la mkorosho na jani changa la mwembe, usage kila moja kwenye kiganja chake, unuse. Yote mawili yana harufu kali inayokaribia tapentaini. Mkorosho, mwembe na mng'ong'o ni ndugu wa familia moja, Anacardiaceae. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na utomvu wa embe bichi huwasha mdomo na mashavu. Kemikali zake zinafanana, kwa sababu undugu huo umo hadi kwenye utomvu. Kwa hiyo ganda bichi la korosho usilipasue kwa meno.

Mahali hapohapo chunguza bibo. Watu wengi huliita tunda na korosho huiita mbegu iliyoning'inia nje. Kibiolojia, tunda halisi ni ile korosho pamoja na ganda lake. Bibo ni kikonyo cha ua kilichovimba. Chagua ua moja, lifunge uzi, ulitazame kila baada ya siku chache: korosho itatangulia kukua hadi ukubwa wake, kisha ndipo kikonyo kianze kujaa maji. Nimeona wanafunzi waliokulia chini ya mikorosho wakishangaa jambo hili.

Hatua ya 4: Kwa wanyama, anza na uti wa mgongo, kisha hesabu miguu

Karibu wote walioanguka kwenye kitambaa hawana uti wa mgongo, na wengi wao wana miguu yenye viungo. Hao ni wa faila (kundi kubwa ndani ya himaya) ya arthropoda, wagawanye kwa miguu. Sita na mwili wa sehemu tatu: mdudu. Minane: jamii ya buibui, na kupe yumo humo. Mingi sana: hesabu jozi kwenye kila pingili ya mwili. Tandu ana jozi moja kwa pingili, jongoo ana mbili kwa pingili nyingi. Wape wanafunzi jongoo wahesabu wenyewe, hawatasahau. Tandu wasimshike, anauma.

Wenye uti wa mgongo ni wachache shambani na ni rahisi. Kinyonga na mjusi wana magamba na hupumua kwa mapafu: reptilia. Popo anayekuja usiku kula mabibo ana manyoya mwilini na hunyonyesha, basi ni mamalia kama komba. Mabawa hayamfanyi kuwa ndege.

Hatua ya 5: Usiamini jina kabla ya kutazama mwili

Hapa ndipo wengi hukosea, wakulima na wanafunzi pia, kwa sababu majina ya mitaani hufuata sura.

Mbu wa mikorosho si mbu. Ana miguu mirefu na papasi ndefu za kichwani, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mkamate, umweke kwenye chupa, uhesabu mabawa. Mbu wa malaria ana jozi moja, na ya pili imebaki vijinundu tu. Huyu ana jozi mbili. Tazama mgongoni karibu na kifua: kuna kijiti kilichosimama chenye kichwa kama pini. Hiyo ni alama ya jenasi yake (kundi la spishi zinazokaribiana), Helopeltis. Watoto wake pia ni ushahidi. Mtoto wa mbu ni kiluwiluwi ndani ya maji. Mtoto wa Helopeltis anaishi juu ya chipukizi lilelile, anafanana na wazazi wake ila hana mabawa kamili. Basi kufukia madimbwi hakutampunguza. Yumo kwenye oda (kundi la familia nyingi) ya Hemiptera, wadudu wenye mdomo wa kuchoma na kufyonza, na madoa meusi yanayokausha machipukizi ni pale alipochoma. Nzi weupe wanaosambaza batobato la muhogo wamo kwenye oda hiyohiyo, nao si nzi.

Maji moto ni kinyume chake: jina halionyeshi ukoo wake, ila mwili unauonyesha. Ana kiuno chembamba na papasi zilizopinda kama kiwiko, kwa hiyo ni siafu na sisimizi kwa ukoo, oda moja na nyuki. Hushona majani kwa hariri inayotoka kwa watoto wake. Anauma, na vijana wanaookota korosho humchukia, lakini humwinda mbu wa mikorosho. Mchwa naye tunamweka na sisimizi kwa mazoea, ilhali ndugu zake wa karibu ni mende.

Hatua ya 6: Andika jina la maneno mawili

Neno la kwanza ni jenasi, huanza na herufi kubwa. La pili ni la spishi, kwa herufi ndogo. Yote huandikwa kwa herufi za mlalo au kupigiwa mstari. Mkorosho ni Anacardium occidentale, jina alilolitoa Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Mwembe ni Mangifera indica: familia moja, jenasi tofauti.

Andika kwa penseli, kwa kuwa majina hubadilika ushahidi ukibadilika. Dinosaria mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, aliitwa Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Mifupa yake ilipolinganishwa upya na ya ndugu yake wa Marekani, tofauti zilikuwa nyingi mno, na tangu uchambuzi wa mwaka 2009 wataalamu wengi humwita Giraffatitan brancai.

Hatua ya 7: Tengeneza ufunguo wako

Ufunguo ni mfululizo wa maswali ya kumtambua kiumbe. Chagua viumbe sita wa shamba lako. Andika swali lenye majibu mawili tu linalowagawa mafungu mawili, kisha gawa kila fungu hadi kila kiumbe abaki peke yake. Tumia vitu vinavyohesabika: miguu, mabawa, mishipa ya jani. Usiandike "mkubwa" au "mdogo", kwani kila mtu ana kipimo chake. Ukimaliza, mpe mtu ambaye hakuwa shambani pamoja na mdudu mmoja kwenye chupa. Akipotea, rekebisha swali alilopotelea. Ufunguo wa kwanza niliompa mjomba alipotelea kwenye swali la mabawa, kwa vile sikumwambia ayafunue kwa sindano kwanza.