Kubinafsisha mashirika ya umma baada ya ukomunisti: jinsi ya kufanya wananchi wasipigwe

Kama nchi ndo imetoka kwenye ukomunisti na kila kitu ni cha serikali, anzeni na vidogo. Maduka, saluni, migahawa, piga mnada wa wazi watu wakiona, Czechoslovakia walianza hivyo Januari 1991 na ilienda haraka tu. Kiwanda kikubwa kinachohitaji mtaji na utaalamu kitafutieni mmiliki anayeijua hiyo kazi, na msimpe chote siku moja: Volkswagen waliingia kiwanda cha magari cha Škoda 1991 kwa asilimia 30, mpaka 2000 ndo wakachukua yote.

Sasa kwenye vocha, yaani kuponi za kumpa kila mwananchi nafasi ya kupata hisa za mashirika, ndo kuwa makini kabisa. Wenzetu wa Czechoslovakia walifanya hivi, 1992 mtu mzima ananunua kitabu cha kuponi kwa koruna 35 (hela yao), anabandika stempu ya 1,000, kama mshahara wa wiki hivi, anapata pointi 1,000 za kuombea hisa za kampuni anazotaka. Mwanzoni watu hawakuchangamkia, halafu jamaa anaitwa Viktor Kožený akatangaza kwamba ukimpa mfuko wake wa uwekezaji, yaani kampuni inayokuombea hisa na kukushikia, pointi zako atakurudishia mara kumi baada ya mwaka na siku moja, basi foleni zikaanza, mwishowe wakajiandikisha watu kama milioni 8.5 na pointi nyingi zikaishia kwenye mifuko.

Na hapo ndo wizi ulipopitia, Wacheki, watu wa upande mmoja wa Czechoslovakia, wenyewe wanauita kuchimba handaki. Meneja wa mfuko ana kura kwenye kiwanda, anaiuzia kampuni yake mwenyewe mashine za kiwanda kwa bei ya kutupa, au kiwanda kinanunua malighafi kwake kwa bei ya kuruka, hela inatoka kidogo kidogo na bibi mwenye hisa haoni kitu mpaka kiwanda kibaki kuta. Inaniuma sana kwa sababu ilizuilika! Tume yao ya kusimamia masoko ya hisa ilianza kazi 1998, miaka sita baada ya kuponi za kwanza.

Kwa hiyo msichapishe kuponi hata moja kabla ya tume kuwa na ofisi, wakaguzi na meno. Mabenki nayo, msiache benki ambayo serikali bado ina hisa nyingi iendeshe mfuko na hapohapo ikikopesha viwanda vya mfuko huohuo, deni bovu litafichwa tu. Na dili lolote kati ya kiwanda na kampuni ya meneja wake liende kwenye kura ya wenye hisa, yeye na mfuko wake wasipige, bei iwe imebandikwa hadharani kabla.